Kuchagua kamera na lenzi za kupigia picha ndege na wadudu: mwongozo kwa wapigapicha wa Tabora

Wengi wanaotaka kuanza kupiga picha za ndege na wadudu huuliza kwanza kamera ipi inunuliwe. Swali hilo ni la haki, lakini likitangulizwa huishia kumfanya mtu anunue kamera ya bei kubwa yenye lenzi isiyofika popote. Kinachoamua picha ya kiumbe wa porini ni umbali: ndege atakuruhusu usogee hadi wapi kabla hajaruka, na mdudu atakuvumilia hadi wapi kabla hajatoweka majanini. Ukishaufahamu umbali huo utajua lenzi unayoihitaji, na ukishaijua lenzi utajua kamera ya kuifunga. Kwa sababu hiyo ninashauri fedha zigawanywe kwa mpangilio huohuo, lenzi ikipata sehemu kubwa na kamera ikipata kinachobaki.

Jambo la pili la kulikubali mapema ni kwamba ndege na wadudu wanadai vifaa vinavyopingana. Ndege anahitaji lenzi ndefu inayovuta mbali na kunasa tendo la mara moja. Mdudu anahitaji lenzi inayoweza kulenga kitu kilicho karibu sana, pamoja na mwanga mwingi wa kuongezea. Mwenye fedha kidogo hawezi kununua seti mbili kwa wakati mmoja, lakini anaweza kununua kifaa kizuri cha ndege na kukiongezea kifaa cha gharama ndogo kitakachokifanya kifae kwa wadudu.

Pima umbali kabla ya kwenda dukani

Nenda mahali unapokusudia kupigia picha ukiwa huna kamera, na upime kwa hatua. Kwa mkazi wa Tabora mahali hapo panaweza kuwa ukingo wa Bwawa la Igombe, au shamba lenye miembe mikubwa, au kipande cha miombo chenye njia ya miguu. Tembea polepole, simama kila ndege anapoinua shingo, na ukumbuke ulikuwa wapi aliporuka. Utaona kwamba furukombe aliyetua juu ya mti mkavu kando ya maji aghalabu hamkubali mtu aliye karibu zaidi ya mita 30 au 40. Mdiria mdogo wa rangi ya samawati humvumilia mtu aliyetulia hadi mita 10 hivi, na chozi anayefyonza maua ya uani, kwa kuwa amezoea watu, atakuacha ufike mita 4 au 5.

Baada ya hapo fanya hesabu moja ambayo itakuepusha na hasara. Chukua upana wa kihisi cha kamera, yaani lile bamba dogo linalopokea mwanga ndani yake, uzidishe kwa umbali, kisha ugawanye kwa urefu wa fokasi, yaani zile milimita zilizoandikwa kwenye lenzi. Jibu ni upana wa eneo litakaloonekana kwenye picha. Kamera nyingi za watu wa kawaida zina kihisi cha APS-C, ambacho upana wake ni takriban milimita 23.5. Mdiria akiwa mita 10, na lenzi ikiwa ya milimita 400, eneo hilo litakuwa na upana wa sentimita 59 hivi. Mdiria huyo ana urefu wa sentimita 13, kwa hiyo atachukua zaidi kidogo ya moja ya tano ya picha, kiasi kinachotosha kuonesha manyoya ya kichwani baada ya kupunguza kingo. Kwa lenzi ya milimita 200 eneo linakuwa la sentimita 117 na ndege anabaki moja ya tisa. Kwa lenzi ya milimita 55, ambayo ndiyo huja pamoja na kamera mpya, eneo linazidi mita 4, na mdiria atakuwa nukta ya samawati kwenye matete.

Rudia hesabu hiyo kwa furukombe aliye mita 35. Lenzi ya milimita 400 itakupa eneo lenye upana wa mita 2 na kimo cha mita 1.4 hivi, na kwa kuwa ndege huyo ana urefu wa takriban sentimita 70, atajaza nusu ya kimo cha picha. Kwa hiyo lenzi ileile inafaa kwa ndege mkubwa wa mbali na ndege mdogo wa karibu. Hii ndiyo sababu milimita 400 kwenye kihisi cha APS-C imekuwa mahali pazuri pa kuanzia, na ndiyo sababu sipendekezi lenzi fupi zaidi ya milimita 300 kwa mtu ambaye nia yake hasa ni ndege.

Umbali una mpaka mwingine ambao hakuna lenzi inayoweza kuuvuka. Kuanzia kama saa 4 asubuhi katika miezi ya kiangazi, ardhi iliyopata joto huanza kupasha hewa iliyo juu yake, na hewa hiyo hucheza. Ukitazama ng'ambo ya bwawa utaona miti inatetemeka. Picha ya ndege aliye mita 80 katika hewa hiyo itatoka laini hata kwa lenzi ya bei ya gari, na dawa yake ni kusogea karibu au kurudi kesho yake asubuhi. Jua la Tabora huchomoza takriban dakika 25 baada ya lile la Dar es Salaam, na muda wenye manufaa zaidi ni kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi, hewa ikiwa bado imetulia na mwanga ukitoka ubavuni.

Lenzi ya ndege

Namba ya pili ya kuisoma kwenye lenzi ni ile ya tundu, inayoandikwa kama f/5.6 au f/8, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo tundu linavyokuwa dogo na mwanga unavyopungua. Ndege aliyetua anaweza kupigwa picha kwa kasi ya shata ya 1/500 ya sekunde, yaani kamera ikifunguka kwa muda huo tu, lakini anayeruka anahitaji 1/2000, na wale wadogo wenye mabawa ya haraka wanahitaji zaidi ya hapo. Chini ya jua kali, lenzi ya f/5.6 kwa kasi ya 1/2000 huhitaji ISO (kiwango cha kihisi kuhisi mwanga) ya 200 hadi 400 tu, ambayo kila kamera inaimudu. Ingia sasa kwenye kivuli cha mwembe: kwa kasi ileile utahitaji ISO ya 2000 hivi. Badala ya f/5.6 weka lenzi ya f/11 na ISO itapanda mara nne, ikaribie 8000, na chembechembe zianze kuonekana kwenye manyoya. Miti ya miombo hupukutisha majani mengi wakati wa kiangazi na kuacha mwanga upenye, lakini baada ya mvua za Novemba kuanza majani hufunga, na hapo tofauti ya tundu inaonekana kwa macho.

Kwa mwenye kamera ya Canon, lenzi ambayo ningeitafuta kwanza katika soko la vifaa vilivyotumika ni Canon EF 400mm f/5.6L. Ilitoka mwaka 1993, ina uzito wa kilo 1.25, hulenga kwa haraka, na mtu anaweza kuishika mkononi asubuhi nzima akifuata ndege warukao. Haina kizuia mtikisiko, na kwa ndege anayeruka upungufu huo hauna madhara kwa kuwa kasi ya shata tayari ni kubwa. Utausikia kwenye kivuli, ndege akiwa ametua. Upungufu wake mwingine ni kwamba hailengi kitu kilicho karibu zaidi ya mita 3.5, kwa hiyo chozi wa uani akikusogelea utalazimika kurudi nyuma.

Lenzi za zumu, yaani zinazobadilisha urefu wa fokasi, za milimita 150 hadi 600 za Sigma na Tamron, na Nikon 200-500mm f/5.6 ya mwaka 2015, zimewafungulia watu wengi mlango uliokuwa umefungwa na bei. Nikon hiyo ina sifa ya kubaki f/5.6 hata ikivutwa hadi mwisho, ilhali zile za 600 hufikia f/6.3. Uzito wake ndio wa kuufikiria kwa makini: Sigma ile nyepesi, iitwayo Contemporary, ina kilo 1.93, na Nikon ina kilo 2.3, na hapo kamera yenyewe haijahesabiwa. Anayetembea kwa miguu au kwa baiskeli hadi bwawani ataulipia uzito huo kila siku. Ombeni dukani mshike lenzi usawa wa jicho kwa dakika 2 kamili kabla ya kulipa. Mkono utatoa jibu ambalo karatasi ya maelezo haiwezi kulitoa.

Kwa wenye kamera mpya za Canon zisizo na kioo ndani cha kuakisi mwanga kwenda kwenye tundu la kutazamia, kuna RF 100-400mm ya mwaka 2021, ambayo ninaipenda kuliko bei yake inavyoonesha. Ina gramu 635 tu. Tundu lake ni dogo, f/8 kwenye milimita 400, na hiyo ni kasoro ya kweli chini ya miti. Hata hivyo hulenga karibu kiasi cha kukuza kitu hadi 0.41 ya ukubwa wake halisi juu ya kihisi, maana yake kwenye kihisi cha APS-C cha Canon kipepeo mwenye upana wa sentimita 5 anakaribia kujaza picha. Mtu mwenye lenzi hiyo moja amebeba kifaa cha ndege na kifaa cha vipepeo na kereng'ende. Canon EF 300mm f/4L IS ya zamani ina tabia inayofanana na hiyo, kwani hulenga hadi mita 1.5, na ikifungwa kikuza cha 1.4, yaani kipande cha kioo kinachokaa kati ya lenzi na kamera na kuongeza urefu wa fokasi mara 1.4, huwa milimita 420 kwa f/5.6. Vikuza vya mara 2 nisingevinunua kwa lenzi yoyote niliyoitaja hapa, maana hunyonya mwanga hadi robo yake na otofokasi, yaani lenzi kujilenga yenyewe, huanza kutafutatafuta.

Kamera ya kuifunga

Kihisi cha APS-C hupunguza eneo linaloonekana mara 1.5 au 1.6 kuliko fulufremu, yaani kihisi chenye ukubwa wa filamu ya zamani ya milimita 35, na kwa ndege hiyo ni faida. Katika kamera za kioo zilizotumika, Nikon D500 ya mwaka 2016 na Canon 7D Mark II ya mwaka 2014 zilitengenezwa kwa kazi ya aina hii hasa: kila moja hupiga picha 10 kwa sekunde, na otofokasi yake hushikilia ndege anayevuka mbele ya majani. Nikon D7200 ni ya polepole zaidi lakini kihisi chake ni kizuri na hupatikana kwa fedha kidogo. Anayetumia Nikon ajihadhari na jambo moja: kamera za daraja la D3000 na D5000 hazina mota ya kuendesha otofokasi ya lenzi za zamani za aina ya AF na AF-D, kwa hiyo lenzi itafunga vizuri kabisa lakini utalazimika kulenga kwa mkono.

Kamera mpya zisizo na kioo, kama Canon R7 na R10 za mwaka 2022, hutambua jicho la ndege na kulifuata zenyewe. Mdiria mweusi na mweupe anapotulia hewani juu ya maji akipiga mabawa kabla ya kujitupa, uso wake uko mahali pamoja lakini mabawa yanapita mbele ya kichwa bila kukoma. Kamera ya zamani mara nyingi hushika bawa, na kamera inayotambua jicho hubaki machoni. Kama uwezo upo, huo ni msaada wa kweli. Kamera hizo pia hupokea lenzi za EF, yaani zile za kamera za Canon za kioo, kwa adapta bila kupoteza otofokasi, kwa hiyo mtu anaweza kuanza na lenzi ya zamani na kubadilisha kamera baadaye. Tahadhari moja tu: ukitumia shata ya kielektroniki kwa ndege anayeruka, mabawa yanaweza kutoka yamepinda, kwa sababu kihisi husomwa mstari kwa mstari.

Kuna watu watakaoshauri Nikon P950 au kamera za aina yake, ambazo lenzi haitoki na huvuta hadi sawa na milimita 2000. Kwa kutambua ndege, kwa kumbukumbu za shuleni, au kwa mtu anayetaka kumwonesha mwenzake korongo nyangumi akiwa mbali katika ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, ni kifaa cha maana sana na chenye uzito wa kilo 1 tu. Lakini kihisi chake kina upana wa milimita 6 hivi, kwa hiyo hakistahimili mwanga hafifu, na kumfuata ndege arukaye kwa tundu lake dogo la kutazamia ni kazi ngumu.

Wadudu: karibu, na karibu zaidi

Kwa wadudu kipimo kinachotawala ni ukuzaji. Lenzi ya makro ya 1:1 huweka juu ya kihisi taswira yenye ukubwa uleule wa kitu chenyewe. Nyuki mfanyakazi ana urefu wa milimita 12 hivi, kwa hiyo kwenye APS-C atachukua nusu ya upana wa picha. Nyuki wadogo wasiouma, wale wanaojenga kijineli cha nta kwenye tundu la mti au ufa wa ukuta, wana milimita chache tu, na kwao utahitaji ukuzaji wa 2:1, yaani mara mbili ya ukubwa halisi.

Ukisoma maelezo ya lenzi za makro utaona zote zinafika 1:1, ya milimita 60 na ya milimita 100 na ya milimita 180, na muuzaji atakushauri uchukue ya bei ndogo. Usichukue kabla hujauliza nafasi inayobaki kati ya kioo cha mbele na mdudu. Umbali wa kulenga unaoandikwa kwenye lenzi hupimwa kuanzia kwenye kihisi, kwa hiyo lenzi ya milimita 100 inayotajwa kuwa na sentimita 30 huacha sentimita 13 au 14 tu mbele yake, na ile ya 60 huacha chini ya sentimita 10. Katika sentimita 10 kivuli cha lenzi humfunika mdudu, na panzi ameshaondoka. Kwa matumizi ya jumla ya huku kwetu, milimita 90 hadi 105 ndizo ninazoziona za kufaa. Tamron 90mm na Tokina 100mm zilizotumika ni nzuri na bei yake ni ya wastani.

Asiyeweza kununua lenzi ya makro bado ana njia mbili nzuri. Ya kwanza ni pete za kurefusha lenzi, ambazo hazina kioo ndani na hukaa kati ya kamera na lenzi. Ukuzaji unaoongezeka ni urefu wa pete ukigawanywa kwa urefu wa fokasi: pete ya milimita 25 kwenye lenzi ya 50 huongeza nusu nzima, lakini kwenye lenzi ya 400 huongeza 0.06 tu. Kwa hiyo pete ni za lenzi fupi. Nunua zenye vipitisha umeme, la sivyo hutaweza kubadilisha tundu.

Njia ya pili, ambayo ndiyo ningemwelekeza anayeanza, ni lenzi ya nyongeza inayobanwa mbele, kama Raynox DCR-150. Hii hubanwa kwenye lenzi ya zumu ya milimita 55 hadi 250 au 70 hadi 300, ambayo wengi tayari wanayo, na ikivutwa hadi milimita 200 hufikia takriban 1:1 huku ikiacha nafasi ya sentimita 20 mbele ya mdudu. Nafasi hiyo inazidi ya lenzi nyingi za makro. Ndugu yake DCR-250 ina nguvu zaidi, hufika 1.6:1 kwenye milimita hizohizo 200, lakini nafasi hushuka hadi sentimita 12 na kulenga huwa kugumu kwa mkono usiozoea. Anza na 150. Hata mwenye simu pekee anaweza kuanza: lenzi ndogo ya kubana kwenye simu humfundisha mtu kumkaribia mdudu, na ujuzi huo haupotei atakapopata kamera.

Tatizo kubwa la picha za karibu ni wembamba wa sehemu inayoonekana wazi. Kwenye ukuzaji wa 1:1 kwa f/11, sehemu hiyo haifiki milimita 1. Jicho la nyuki likiwa wazi, bawa lake limeshafifia. Wengi hukimbilia kufunga tundu hadi f/22 na kushangaa kwamba picha nzima imekuwa laini. Sababu ni kwamba kwenye 1:1 tundu hufanya kazi kama limefungwa mara mbili zaidi, f/16 ikawa sawa na f/32, na mwanga hutawanyika. Baki kati ya f/8 na f/13, na umpige mdudu kwa ubavu ili mwili wake wote ulale sambamba na kihisi.

Tundu dogo kiasi hicho humaanisha giza, na hapa ndipo flashi inapokuwa kifaa cha lazima. Flashi ndogo ya nje inatosha, na ya kampuni nyingine isiyo ile ya kamera inatosha pia. Weka nguvu yake kwa mkono, kama 1/8 au 1/16, kwa kuwa mwako wa nguvu ndogo ni mfupi sana na hugandisha hata mdudu anayetikiswa na upepo. Kinachohitaji akili zaidi ni kisambaza mwanga. Mbawakawa wengi wana ganda linalong'aa, na flashi isiyofunikwa huacha doa jeupe mgongoni lenye kufuta rangi yote. Chukua karatasi nyeupe ya plastiki ya kufungia bidhaa, uikunje iwe kama paa linalotoka kwenye flashi hadi juu ya ncha ya lenzi, na uifunge kwa mpira. Kadiri paa hilo linavyokuwa pana na karibu na mdudu ndivyo kivuli kinavyolainika.

Kereng'ende wanastahili neno la pekee, kwa kuwa Igombe na mabwawa mengine ya Tabora yana wengi na ndio walimu wazuri kuliko wote. Dume aliyeshika eneo huruka kumfukuza mwenzake, kisha mara nyingi hurudi kwenye ncha ileile ya tete aliyotokea. Usimfuate, lenga ncha hiyo, tulia, na usubiri arudi. Keremkerem naye ana desturi kama hiyo, hurudi kwenye tawi lake akiwa na nyuki mdomoni na kumbamiza kwenye mti hadi atoe mwiba, na hapo utakuwa na ndege na mdudu katika picha moja.

Mzingani na kwenye mbung'o

Tabora ni nchi ya asali, na kuna atakayetaka kupiga picha mlangoni mwa mzinga. Huko uchaguzi wa kifaa hubadilika. Kwanza, nyuki wetu ni wepesi wa kujihami, kwa hiyo sentimita 13 za lenzi ya makro hazitoshi. Tumia lenzi ndefu inayolenga karibu, kama zile za milimita 300 au 400 nilizozitaja, ukiwa mita 1 au zaidi, na uende pamoja na mfugaji mwenyewe. Pili, ukivaa kofia yenye wavu huwezi kuweka jicho kwenye tundu la kutazamia la kamera, kwa hiyo kamera yenye kioo cha nyuma kinachogeuka si anasa hapo. Tatu, nyuki wenye hasira hukiendea kitu cheusi. Funika kamera na lenzi kwa kitambaa cheupe au cha rangi ya mchanga, pamoja na mkanda.

Rangi ina maana hata bila nyuki. Katika pori la Ugalla, ambalo tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, kuna mbung'o, na mbung'o huvutwa na rangi nyeusi na ya buluu iliyokoza. Ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Mabegi mengi ya kamera ni meusi. Tafuta la kaki au la kijivu, au ushonewe mfuko wa turubai wa kulifunika.

Kushikilia, na vitu vidogo

Stendi ya miguu mitatu nzuri ni ghali, na iliyo rahisi hutikisika chini ya lenzi ya kilo 2 kuliko mkono wako. Kwa lenzi nzito, mguu mmoja unatosha kwa sehemu kubwa ya kazi. Kwa kupiga ukiwa ndani ya gari au umelala ukingoni, hakuna kinachoshinda mfuko wa kitambaa uliojazwa nafaka: mpe fundi cherehani mguu wa suruali ya jinzi, aushone na kuuacha na zipu, uujaze mpunga kiasi cha robo tatu, na lenzi itazama humo na kutulia. Ukisafiri, uubebe mtupu na uujaze uendako.

Nunua betri moja ya akiba na kadi mbili badala ya kadi moja kubwa. Piga katika faili ghafi (RAW), yaani picha ambayo kamera haijaibana wala kuirekebisha, kama kamera inaruhusu.

Kununua kilichotumika

Vifaa vingi vinavyofika Tabora vimetumika, vikitoka Dar es Salaam au kuletwa na ndugu walio nje, na hilo ni jema mradi uvikague. Beba tochi ya simu. Toa vifuniko vyote viwili vya lenzi, fungua tundu lote, na umulike kutoka nyuma ukitazama mbele kwa mshazari. Vumbi kidogo ndani halina neno. Nyuzi nyembamba zinazotawanyika kama mizizi ni ukungu, na lenzi yenye ukungu usiichukue kwa bei yoyote. Utando mweupe ulioenea sawasawa kama pumzi kwenye kioo hupunguza ukali wa picha, nao ni sababu ya kukataa. Kisha funga lenzi kwenye kamera, weka tundu f/11, na upige picha ya anga tupu: madoa yatakayoonekana ni uchafu wa kihisi, ambao husafishika, lakini doa linalobaki mahali palepale baada ya kusafisha ni mkwaruzo. Lenga kitu cha karibu na cha mbali mara kadhaa, ukisikiliza mota. Sauti ya kukwaruza ni dalili ya matengenezo yasiyopatikana hapa. Uliza pia idadi ya mapigo ya shata, na ulinganishe na hali ya raba za kushikia: raba zilizolainika na kung'aa kwenye kamera inayodaiwa kupiga picha chache hazisemi sawa na muuzaji.

Baada ya kununua, maadui wawili ni vumbi la kiangazi na unyevu wa masika. Badilisha lenzi ukiwa umeupa mgongo upepo, kamera ikiangalia chini, na usifute kioo kabla ya kupuliza vumbi kwa mpira wa kupulizia, kwa kuwa chembe za mchanga zikisuguliwa hukwaruza. Kuanzia Novemba hadi Aprili usiiache lenzi ndani ya begi lililofungwa. Iweke kwenye chombo cha plastiki kisichopitisha hewa pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu na vifaa vya umeme, ukivibadilisha kila wiki chache, na uitoe ipate mwanga na hewa hata katika wiki ambazo huna nafasi ya kwenda kupiga picha.